Mwigizaji alilia kweli, ukumbi ukacheka

Swali: "Shikamoo Mwalimu. Mimi ni mtengeneza filamu chipukizi, niko Tanga. Nimetengeneza filamu fupi ya dakika 22 kuhusu mama muuza vitumbua ambaye mwanawe wa pekee, dereva wa bodaboda, anafariki kwa ajali. Ni kisa cha kweli, kilitokea mtaani kwetu. Mwigizaji wangu alilia machozi halisi kaburini, hakupaka kitu, hata sisi nyuma ya kamera tulilia. Tulipoionesha ukumbini watu walitulia mwanzoni, lakini ilipofika sini ya kaburini wakaanza kucheka, wengine wakatoa simu. Niliumia sana. Filamu zinazoliza watu zinafanya nini ambacho mimi sikufanya? Na je, niweke maandishi mwanzoni kwamba ni kisa cha kweli, ili waichukulie kwa uzito? Nimekuambatishia filamu."

Marahaba, binti yangu. Pole kwa yaliyokupata ukumbini, na hongera kwa kuimaliza filamu, maana wengi huishia kwenye skripti. Nimeitazama yote, kisha nikairudia sini ya kaburini nikiwa na kalamu mkononi.

Jibu langu kwa ufupi ni hili: mama wa kwenye filamu yako amelia kwa niaba yetu. Alilia vizuri, alilia kwa muda mrefu, akamaliza kazi yote, na sisi tuliokaa kwenye viti hatukuachiwa cha kufanya. Mtazamaji asiyeachiwa cha kufanya huanza kuchungulia simu. Akikazaniwa zaidi, hucheka.

Usiwakasirikie kwa kicheko hicho. Hao si watu wa moyo mgumu. Bibi zao walijaza majumba ya sinema ya Tanga, Unguja na Dar es Salaam kutazama filamu za Kihindi ambazo maneno yake hawakuyaelewa, wakatoka ncha za kanga zimelowa. "Awara" ya Raj Kapoor, ya mwaka 1951, ilipendwa huku kwetu miaka na miaka. Baadaye zikaja kanda, vikaja vibanda umiza, wakaja akina Lufufu kututafsiria, na hata sauti ya mtafsiri ikipiga porojo juu ya picha, watu walinyamaza pale stelingi alipompata mama yake aliyepoteana naye tangu utotoni. Kwa hiyo lugha haizuii chozi, na kelele hazizuii. Mtazamaji wetu yuko tayari kulia. Anachokataa ni kulazimishwa mbele za watu. Ukimwambia kwa picha, kwa kinanda na kwa kilio cha dakika nne kwamba sasa ni wakati wa huzuni, na yeye moyoni hajafika huko, anaona aibu. Aibu ya kundi hutokea kwa kicheko.

Lipo na jambo la pili, ambalo nadhani hata wewe ulilijua ukalifumbia macho. Kijana wako anazikwa kwa sanda, shehe yupo, dua inasomwa, na mama yake amesimama pembeni ya kaburi ametupa mikono juu. Tanga hiihii? Kila aliyekaa ukumbini anajua kwamba wakati ule mama angekuwa nyumbani, ndani, kwenye mkeka, amezungukwa na wanawake wenzake, na makaburini wamekwenda wanaume. Ulimhamishia huko kwa sababu filamu ulizozitazama zina kaburi, mvua na mwavuli. Watu hawakumwona mama anayeomboleza; walimwona mwigizaji aliyepelekwa lokesheni. Machozi yalikuwa ya kweli, mahali palikuwa pa uongo, na watu wa Tanga wana macho.

Sasa tuingie kwenye swali lenyewe.

Watafiti wawili wa Uholanzi, Ed Tan na Nico Frijda, waliandika mwaka 1999 kuhusu kilio cha watazamaji wa filamu. Walitaja mambo matatu yanayojirudia: watu waliotengana wakakutana, haki iliyokuwa hatarini ikapata mtetezi, na mtu kusimama mbele ya jambo kubwa linalomzidi. Yaangalie vizuri. Kifo kinaweza kuwemo ndani ya yote matatu, lakini hakuna hata moja ambalo ni kifo chenyewe. Chozi linatoka pale mtazamaji anaposhindwa kuendelea kujikaza, anaposalimu amri. Mholanzi mwingine, Ad Vingerhoets, ambaye ameutumikia utafiti wa kilio kwa miongo kadhaa, naye anauweka unyonge katikati ya maelezo yake: mtu hulia pale ambapo hana tena la kufanya. Mtazamaji wa filamu yuko katika hali hiyo tangu anapokaa. Anaona lori linakuja, hawezi kupiga kelele ikasikika. Anajua barua iko chini ya godoro, hawezi kumwambia mwenye nyumba. Kazi yako ni kumfanya atamani kuingia ndani ya picha akasaidie, kisha umwache amekaa palepale.

Chukua mfano usio na msiba hata kidogo. Mwaka 2004, baada ya Kenya kufuta karo ya shule za msingi, mzee Kimani Maruge wa Eldoret alijiandikisha darasa la kwanza akiwa na miaka 84, na kisa chake kikatengenezewa filamu, "The First Grader", mwaka 2010. Mzee anakuja getini, anarudishwa. Anakwenda kutafuta sare, kaptula na soksi, anarudi. Wanaomtazama hawalii anapofukuzwa, hapo wanakasirika. Chozi linakuja anapokubaliwa, anapokalishwa kwenye dawati dogo na kupewa penseli. Hasira ilikuwa imeyashikilia machozi mlangoni, mlango ulipofunguliwa yakapita.

Ya pili nitakayokutajia ni ya Kenya pia, na kama hujaitazama, itafute wiki hii. "Supa Modo", ya mwaka 2018, imeongozwa na Likarion Wainaina. Jo ni mtoto wa miaka tisa, anaumwa ugonjwa usiopona, na anapenda mno filamu za mashujaa wenye nguvu za ajabu. Mama yake anamrudisha nyumbani ili siku zilizobaki azimalizie huko. Mwisho tunaujua tangu mwanzo, mwongozaji hakuuficha. Filamu ya namna hiyo ingeweza kukaa kando ya kitanda saa nzima ikituonesha dripu. Badala yake dada mtu, Mwix, anawashawishi majirani wajifanye kwamba Jo kweli ana nguvu hizo, na baadaye kijiji kizima kinashirikiana kutengeneza filamu ambayo Jo ndiye stelingi. Watu wazima, wenye shughuli zao na madeni yao, wanacheza mchezo wa mtoto kwa nyuso kavu kabisa. Na inachekesha! Ukumbi unacheka kweli. Koo linakaba katikati ya kicheko, kwa sababu watu wale wanamfanyia mtoto wema ambao hauwezi kumponya, nao wanajua hauwezi, na wanaufanya vilevile.

Hapo kuna somo la uhariri ambalo waandishi wengi wa Bongo muvi hawalitaki: ukitaka kumliza mtu usimtafutie ukatili, mtafutie wema uliochelewa au usiotosha. Ukatili unamkasirisha tu. Mama mkwe anayemwagia mtu maji ya moto, baba wa kambo mwenye mkanda, hayo yote yanamfanya mtazamaji akunje ngumi, na mwenye ngumi iliyokunjwa halii. Na ukumbi uliocheka pamoja na wewe dakika ya nne hautakucheka wewe dakika ya kumi na nane. Filamu yako haina hata sehemu moja ya kuchekesha kwa ruhusa yako. Watu wakajichukulia ruhusa wenyewe.

Nitakaa zaidi kwenye ya tatu, ambayo ni katuni, ingawa mtoto mdogo usimkalishe nayo. "Hotaru no Haka" ya Isao Takahata ilitoka Japani mwaka 1988. Seita ana miaka 14, mdogo wake Setsuko ana minne, na wanabaki peke yao baada ya ndege za Marekani kuuchoma mji wa Kobe mwaka 1945. Katika sentensi ya kwanza kabisa Seita anatuambia kwamba usiku wa tarehe 21 Septemba 1945 ndio aliokufa. Tunamwona ameegemea nguzo ya stesheni, amekwisha kwa njaa, watu wanampita. Mfagiaji anakuta kopo la peremende kwake, analirusha nje gizani, na vipande vya mifupa vinamwagika. Filamu ndiyo kwanza imeanza na tumekwisha ambiwa kila kitu. Kuanzia hapo, kila kopo lile linapotokea, likiwa limejaa, likigongwagongwa ili peremende za mwisho zitoke, likitiwa maji ili mtoto anywe utamu uliobaki, sisi tunajua litakuja kubeba nini. Setsuko hajui. Anafurahia peremende. Hatuwezi kumwambia.

Wengi wanaoanza kazi hii huogopa kutoboa mwisho, wakidhani mshtuko ndio unaoliza. Mshtuko unashtua. Kinacholiza ni kujua mapema kuliko mhusika.

Ipo sini moja humo ninayowaonesha wanafunzi wangu wa uhariri. Mama yao ameungua vibaya katika shambulio. Seita amemwona, amefungwa bendeji mwili mzima, Setsuko hajamwona. Wako kwenye uwanja wa shule. Mtoto anataka kwenda kwa mama, kaka anampiga kalenda mpaka kesho, mtoto anachutama na kuanza kulia. Seita hamkumbatii, hasemi neno la faraja. Anakwenda kwenye chuma cha mazoezi, anakirukia, anaanza kuzunguka. Anazunguka tena, na tena. Huoni uso wa Seita ukijaa skrini nzima wala chozi likimshuka. Ni mvulana asiye na kitu kingine cha kumpa mdogo wake isipokuwa sarakasi, na sarakasi haitoshi, naye anaendelea.

Seita mwenyewe anavunjika lini? Baadaye sana, na hakuna aliyekufa wakati huo isipokuwa vimulimuli. Anamkuta Setsuko akiwafukia wadudu wale waliokuwa wakiwaangazia usiku, na mtoto anamweleza kwamba anawatengenezea kaburi, kwamba mama naye yuko kaburini, shangazi alikwisha mwambia. Siri ambayo kijana aliibeba muda wote ule ili kumlinda mtoto, kumbe mtoto anaijua. Hapo machozi yanamtoka. Takahata aliyaweka akiba mpaka siku yalipokuwa na habari mpya ya kutuambia. Wewe uliyatumia yote kwa mkupuo, kwenye tukio ambalo kila mtu alikuwa akilisubiri.

Utaniuliza: ina maana mhusika asilie kabisa? La, na nitakupa mwenyewe ushahidi unaonipinga. Mwaka 1995 wanasaikolojia wawili wa Marekani, James Gross na Robert Levenson, walichapisha kazi yao ya kutafuta vipande vya filamu vinavyoamsha hisia fulani kwa uhakika maabara. Walipitia filamu zaidi ya 250, wakajaribu vipande 78 kwa watu 494. Miongoni mwa vilivyofaulu kwa huzuni kimojawapo kilitoka "The Champ" ya Franco Zeffirelli, ya mwaka 1979: bondia anakufa baada ya pambano, na mwanawe mdogo anamlilia. Kipande hicho kimeendelea kutumika katika utafiti tangu wakati huo. Na mtoto yule analia kwa sauti, kwa kwikwi, uso wake umeijaza picha.

Lakini tazama anafanya nini akiwa analia. Anamwamsha baba yake. Anamsihi aamke. Anawageukia watu wazima waliomo chumbani kana kwamba mmoja wao anaweza kulirekebisha jambo hili, na hakuna anayeweza. Kilio chake ni ombi, na ombi hilo linatufikia sisi pia, nasi hatuna cha kumpa. Mama yako pale kaburini hamwombi mtu kitu. Analia kwa sababu skripti imeandikwa "mama analia".

Kuhusu machozi halisi, naomba nikuudhi kidogo: hayana uzito unaoudhani. Mtazamaji hawezi kuyapima. Aliyepakwa mentoli chini ya jicho na aliyemkumbuka marehemu wake wa kweli wanatoa maji yaleyale mbele ya kamera. Miaka zaidi ya 100 iliyopita, Mrusi Lev Kuleshov alichukua picha ya mwigizaji Ivan Mozzhukhin, uso mtulivu usioonesha kitu, akauunganisha na picha nyingine. Pudovkin, aliyekuwa mwanafunzi wake, alisimulia kwamba uso ule ulipofuatana na bakuli la supu watu waliona mawazo mazito, ulipofuatana na maiti ndani ya jeneza waliona huzuni, ulipofuatana na mtoto anayecheza waliona tabasamu jepesi la furaha, wakamsifu mwigizaji kwa ufundi. Uso ulikuwa uleule. Hisia walizileta wao. Uso uliokwisha jaa machozi hauna tena nafasi ya kuletewa kitu.

Muziki nitaupita haraka, kwa sababu kasoro yake ni moja. Kinanda chako cha huzuni kinaanza kabla habari ya ajali haijafika. Umetutangazia msiba kabla ya mpiga simu. Sikiliza alichofanya Michael Giacchino katika "Up" ya mwaka 2009. Carl na Ellie wanaoana, wanatengeneza nyumba yao, wanazeeka, yote ndani ya dakika chache zisizo na maneno. Muziki uliochangamka siku ya furaha unarudi uleule Ellie anapougua, umepunguzwa mwendo, umebaki piano. Hakuleta wimbo mwingine wa huzuni. Alipata Oscar kwa muziki wa filamu hiyo, na sini ile nadhani ilimsaidia. Kijana wako anapiga mluzi wa taarabu ya zamani akiosha pikipiki, dakika ya tatu. Wimbo unao tayari, humohumo. (Kama una mwenyewe, omba ruhusa kwa maandishi, mambo ya hakimiliki yamebadilika, siku hizi watu wanafuatilia.)

Basi turudi kwenye filamu yako. Unavyo vitu vizuri ambavyo umevipita mbio. Dakika ya tano, alfajiri, kijana anaondoka, akifika barabara kuu anapiga honi mara mbili, na mama, aliyechutama mbele ya kikaango, anajisemea, "Haya, baba." Ulitumia sekunde sita. Nilipoiona nikajua filamu iko hapo. Irudie honi hiyo kabla ya ajali, siku nyingine, mama akiwa amemkasirikia kwa jambo dogo la pesa ya mafuta, na asiijibu. Usieleze chochote. Mtazamaji atalibeba mwenyewe deni hilo hadi mwisho.

Na mkalishe kijana na sisi zaidi. Anakufa dakika ya saba, hatujamjua. Tunachokijua ni kwamba ni mtoto mzuri anayempenda mama yake, na hicho tunakijua kwa watoto wote wa kwenye filamu. Mpe tabia moja inayokera. Awe mwongo mdogo wa muda: anasema "niko Barabara ya Ishirini nakuja" kumbe bado amelala.

Kaburi litoe lote, pamoja na zile shoti za droni. Najua zilikugharimu. Rudi lokesheni, nyumbani kwa mama, upige picha ya jeneza likitoka mlangoni. Wanaume wanalipokea begani, wanapokezana, tahalili inaanza, wanashika njia. Wanawake wanabaki. Kamera isiwafuate wanaume. Ikae ndani na mama, tusikie sauti zinavyokwenda mbali mpaka tusizisikie tena. Halafu mpe kazi. Mama aliyefiwa kwetu haachi kuwa mwenye nyumba. Aulize kama wageni waliotoka Muheza wamekula. Akumbuke kwamba rojo la vitumbua aliloliumua jana usiku bado liko kwenye ndoo na linachacha. Wenzake wamwambie akae, yeye anyanyuke. Mwigizaji wako ana uso mzuri, una utulivu ambao kilio kile kiliuficha. Mwelekeze ajizuie, apambane nalo. Likimponyoka, limponyoke kwenye ndoo.

Kwenye meza ya uhariri, jambo moja tu. Chozi likijaa kopeni, kata kabla halijadondoka, uende kwa mtu anayemtazama: yule jirani anayemenya vitunguu saumu, kisu kimesimama. Sini yako ya sasa ina mikato mingi mno na yote inarudi kwenye uso uleule, kila mara kwa ukaribu zaidi. Nenda kwa wasikilizaji, nyuso zao zinafanya kazi kubwa.

Na honi? Siku nyingi baadaye pikipiki nyingine, ya mtu tusiyemjua, inapita barabara kuu na kupiga honi mara mbili. Bodaboda hupiga honi kutwa, hakuna atakayesema umebuni. Sina hakika kama tumwone mama wakati huo au tuone kikaango tu. Kata matoleo yote mawili, uyatazame baada ya kulala usiku mmoja.

Ukimaliza, usiipime kwa sura za watu wanapotoka mlangoni. Mwaka 2015 Vingerhoets na wenzake, wakiongozwa na Asmir Gračanin, walichapisha jaribio la watu 60 waliotazama "La vita è bella" au "Hachi", filamu mbili maarufu kwa kuliza. Watu 28 walilia. Filamu ilipokwisha, waliolia walikuwa katika hali mbaya kuliko walivyokuja. Dakika 20 baadaye walikuwa wamerudi kawaida. Dakika 90 baadaye walijisikia vizuri kuliko kabla ya kuketi. Ambao hawakulia hawakubadilika. Kwa hiyo anayetoka kimya bila kukupa mkono huenda ndiye aliyeguswa, na kumfuata na kipaza sauti aseme ameionaje ni kumwonea. Afadhali kalisha watu wachache sebuleni, wasioijua habari, wewe ukae pembeni ya televisheni uwatazame wao. Angalia koo. Mtu anayezuia kilio humeza mate mara kwa mara, kwa sababu koo linataka kubaki wazi na kumeza kunalifunga. Wanapomeza, andika dakika. Wanapojikuna au kusogeza kiti, andika pia, na hapo ndipo mkasi uanzie.

Limebaki swali lako la maandishi ya "kisa cha kweli". Usiyaweke mwanzoni. Akiyuki Nosaka, aliyeandika hadithi iliyozaa "Hotaru no Haka" mwaka 1967, alimpoteza mdogo wake wa kike kwa utapiamlo mwaka 1945, na aliishi na majuto kwa kuwa chakula kilipopatikana alikuwa akikila yeye. Seita wa kwenye hadithi alimwandika mwema kuliko alivyojiona alikuwa. Filamu haikuanza kwa kututangazia hayo, na haikupungukiwa kitu. Mtazamaji akiambiwa mapema kwamba ni kweli, anajiona anadaiwa huruma, na umekwisha ona Tanga inavyolipa deni la namna hiyo.

Kwako wewe ukweli wa kisa unaleta jambo jingine zito zaidi. Kama kilitokea mtaani kwenu, basi mama huyo yupo, na huenda bado anakaanga vitumbua. Kabla hujaipeleka ZIFF, tamasha la filamu la Zanzibar, wala kuipandisha YouTube, mpelekee aitazame, nyumbani kwake, mchana, akiwa na ndugu yake mmoja anayemwamini. Usiende na kamera, wala usipeleke timu nzima. Akisema honi itoke, itoe, niandikie tena tutafute kitu kingine. Akitaka mtaa usitambulike, badili lokesheni ya mlangoni. Na ile sini ya kaburini uwe umekwisha iondoa siku unayokwenda, asije akajiona amesimama mahali ambapo hakusimama.